Kopo la Adui

Harufu ya benzini hunirudisha nyumbani kuliko harufu ya chakula chochote. Baba yangu alikuwa fundi saa Nyamirambo, na benzini ndiyo aliyooshea magurudumu madogo na skrubu ambazo ukipiga chafya zimepotea. Ilikuwa mikononi mwake, kwenye mto wake, hata kwenye kanzu yake ya Ijumaa, na mama alizoea kumtania kwamba siku akisogea karibu na jiko tutampoteza. Lakini katika majira ninayotaka kuyasimulia, vuli ya mwaka 1992, benzini hiyo ilichanganyika na harufu nyingine ya maji ya bwawani yaliyokaa: tope, mafunjo yaliyooza, na kitu kibichi mfano wa tango lililokatwa sasa hivi. Harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu hata leo, mimi mtu mzima mwenye miwani na watoto wanaoniogopa, najikuta nimekunja ngumi. Niseme mapema ili msomaji asije akanilaumu mbele ya safari: mimi ni mtu wa kisasi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na nadhani walikuwa wakinitazama mimi.

Mdogo wangu Yusufu alikufa katika masika ya mwaka huohuo, akiwa na miaka minne. Alikuwa mtoto wa masikio. Baba akimaliza kutengeneza saa humpa yeye kwanza aisikilize, naye huibana sikioni, akafumba macho, akatoa hukumu: "Inatembea," au, "Bado inaumwa." Mara nyingi alipatia. Jumatatu alilalamika baridi, Alhamisi tulimzika. Tanga likakaa siku tatu uani petu, wanawake wamejaa juu ya mikeka ya mafunjo, na kila aliyeingia alimshika mama mkono akamwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa na miaka kumi na nililisikia neno hilo pengine mara mia. Nikajiuliza, kama kazi ya Mungu haina makosa, basi makosa ni ya nani? Maana kosa lilikuwapo, na yeyote aliyeiona ile sanda fupi aliliona. Jibu alinipa Simeoni, muuguzi wa zahanati aliyepanga chumba cha mwisho uani petu, bila kujua kwamba ananikabidhi silaha. Alimwambia baba kwa sauti ya chini kwamba ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na kwamba mbu mmoja tu anatosha. Mbu mmoja! Nikamshika huyohuyo. Mungu nisingemweza, lakini mbu ningemweza.

Siku hizo vita vya kaskazini vilikuwa vinaingia mwaka wa tatu, na redio za mtaani hazikuchoka neno moja: asubuhi adui, jioni adui, adui yuko nje, adui yuko ndani. Watu wazima walitazamana wakilisikia, halafu wakatazama chini. Mimi nililipenda. Sikujua waliokuwa wakisemwa ni akina nani, wala sikuuliza; wangu nilikuwa namjua, ana mabawa mawili na miguu sita. Kila jioni nilizunguka chumba chetu na kandambili mkononi, nikiwabandika ukutani mmoja mmoja. Aliyepasuka na damu nilimtukana zaidi, kwa kuwa damu ile ilikuwa yetu. Mama alikuwa na mimba changa wakati ule, na tangu tanga lianuliwe alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Beseni la bluu alilokuwa akimwogeshea Yusufu lilikuwa nyuma ya jiko, limefunikwa kifudifudi, na mama alikuwa akizunguka njia ndefu ya kwenda chooni ili asilione.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyetoka mabondeni, kwenye mto Nyabarongo, ambaye ndiye aliyetuuzia mikeka ile. Sisi watoto tulimwita Nyogokuru, yaani bibi kwa Kinyarwanda, na Kiswahili chake kilituchekesha. Mwanzoni mwa vuli alileta mzigo wa mafunjo mabichi ya kuzibia kuta za bafu letu, akanikuta napambana na mbu mchana kweupe, kandambili inalia ukutani. Akatua mzigo, akashika kiuno, akacheka mpaka akakohoa.

"Yewe, mwana wanjye! Wewe iko napiga mbu na kiatu? Utachoka wewe, mbu haitachoka." Akachomoa kutoka kwenye mafunjo kitu cha kijani kilichoning'inia kikidondosha maji, kama nywele zilizonaswa kwenye chanuo. "Chukua hii. Hii majani iko nakula mbu, wakati iko bado watoto ndani ya maji."

"Majani hayana meno, Nyogokuru."

"Meno ya nini? Hii haina meno, haina mizizi, haina kichwa. Iko tumbo tu. Weka kwa maji, uone."

Nilitafuta chombo cha kuuwekea mmea ule, na sijui ni ujasiri gani ulionipeleka nyuma ya jiko. Nililipindua beseni la Yusufu, nikalijaza maji ya mvua kutoka pipani, yenye viluwiluwi tayari, nikautumbukiza humo. Ilionekana kwangu haki kwamba kazi ile ifanyike katika chombo chake mwenyewe. Kisha nikaenda kuichukua lenzi. Baba alikuwa amenipa lenzi yake ya zamani ya kubana jichoni, iliyomeguka ukingo, kwa sababu macho yangu yalikuwa hodari wa kumtafutia skrubu zilizoanguka. Niliibana, nikainama mpaka pua ikagusa maji, na hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo kikinijia usingizini nalala nikiwa na furaha isiyo nzuri. Kila unywele wa mmea ule ulikuwa umejaa vijifuko vidogo, vingine havifiki punje ya ulezi, na kila kifuko kilikuwa na mlango wake, na mlangoni palikuwa na ndevu. Kifuko kilikuwa kimejisukumia maji yake nje, kikabonyea mbavu, kikatulia kimetiwa ufunguo kama saa. Kiluwiluwi wa mbu akapita akijipinda, hana hili wala lile. Akagusa ndevu. Sikuona mlango ukifunguka; niliona tu kwamba alikuwapo na sasa hayupo, na kifuko kimevimba, na yeye yumo ndani anajipigapiga kwenye ukuta unaopitisha mwanga. Mshale wa sekunde ungekuwa bado haujainua mguu.

Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Wengine walikuwa wakubwa mno kwa kifuko wakanaswa mkia, kichwa kikabaki nje, na mmea haukuwa na haraka nao: leo unameza kidogo, kesho kidogo, na kichwa kinaendelea kutikisika. Kifuko kilichoshiba kiligeuka rangi, kutoka kijani hadi zambarau iliyoiva, hata weusi. Mtoto mwingine angeogopa, na nadhani ningefaa kuogopa. Mmea hauna mzizi, unaelea tu popote maji yanapoupeleka, hauna jani la kulingana na jani, umeamua kuwa matumbo elfu moja yanayongoja. Mimi nilimwita kila aliyeingia kifukoni kwa jina moja, Muuaji, na nikamwambia kwa sauti ndogo: "Hilo pigo ni la Yusufu."

Baada ya siku kadhaa niliona jambo lililonipendeza zaidi. Asubuhi juu ya maji palikuwa panaelea maganda meupe, mepesi, yenye umbo la mbu aliyejikunyata, ndani matupu kabisa. Nilielewa mara moja. Nani asiyejua mtu anavyokula muwa? Hutafuna, akanyonya, akatema makapi. Mmea wangu ulikuwa unanyonya na kutema. Nikaiba kopo moja la bati kwenye meza ya baba, lile la kuwekea skrubu, nikawa nawaopoa maiti wangu kwa ncha ya unyoya wa kuku na kuwahifadhi humo wakauke. Nilipanga kumlipia Yusufu mbu mmoja kwa kila siku aliyoishi, na kwa kuwa hesabu ya siku zake ilinishinda, niliamua sitaacha. Kopo lilikaa chini ya mto wangu. Nikiamka nalitikisa sikioni kama Yusufu alivyofanya na saa, nasikia wanavyochakacha, nalala tena.

Ndipo Simeoni akaniharibia. Alinikuta nimeinama juu ya beseni akachungulia, akanisifu kwa udadisi wangu, halafu akasema kama mwalimu: "Lakini hawa siyo wenye malariya. Unaona? Hawa wananing'inia kichwa chini. Yule mbaya, anofele, akiwa mtoto analala sawasawa juu ya maji, kama kijiti. Anapenda maji ya jua, mashimo ya matofali kule chini." Akanishauri nilifunike beseni kwa chandarua, akaenda kazini kwake akipiga mluzi. Mimi nilibaki nimesimama na aibu ya askari aliyekwenda kuchoma nyumba ya mtu asiye na kosa. Wiki mbili nzima nilikuwa nimewaua watu wengine! Wala sikuwahurumia, niseme kweli. Kilichoniuma ni muda niliopoteza. Kesho yake, baada ya chuo cha Kurani, nilichukua kopo la maziwa ya unga nikateremka bondeni Kimisagara, walikokuwa wakifyatua matofali. Mashimo ya udongo yalikuwa yamejaa maji ya mvua, na jua limeyapasha moto. Nilipiga magoti, na wao walikuwapo, mamia yao, wamelala juu ya maji kama vijiti, wametulia, wanakula kwa raha zao. Niliwachota, nikawapandisha ule mlima wote hadi Nyamirambo kichwani mwangu, kopo kwa kopo, siku baada ya siku, vuli ile yote. Mafundi wa matofali walidhani nachota maji ya kuchezea, wakanicheka. Na mimi niliwacheka kimoyomoyo.

Mmea ulinawiri. Mwezi wa kumi na moja ulichomoza kijiti juu ya maji na kijiti kikafungua maua ya manjano, madogo, yaliyotakata, ukiyatazama huwezi kudhani huko chini kunafanyika nini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mama aliyaona siku moja alipokosea njia, au pengine hakukosea. Alisimama mbele ya beseni la mwanawe muda mrefu, mkono juu ya tumbo lililokwisha kuwa kubwa, nami nikangoja kofi. Badala yake alitabasamu, mara ya kwanza tangu masika. "Umelipandia maua beseni lake," aliniambia. "Mungu akupe kheri, Mariamu." Sikumkatalia. Tangu siku hiyo kila jioni alibeba kigoda chake akaja kukaa pale, anachambua mchele au anashona vazi la mtoto, mpaka giza linapoingia. Nilitaka kulifunika beseni kwa kipande cha chandarua kama Simeoni alivyoshauri, lakini mmea ulitaka jua na mama alitaka maua, nikaona isiwe taabu. Asubuhi maganda yalizidi. Kopo lilikuwa limefika mia mbili na arobaini, na nilitembea mtaani nimeinua kidevu.

Mama alianza kutetemeka siku ya Jumatatu. Najua kwamba ni Jumatatu kwa sababu nilihesabu kwa vidole mpaka Alhamisi, siku tuliyomzika Yusufu. Walimrundikia mablanketi, na jino likagonga jino kama mashine ya kushonea. Simeoni alimpa dawa, akatoka chumbani akifuta uso kwa kiganja. "Hii mbu inatoka wapi, Mzee?" alimuuliza baba. "Huku juu mulimani haikuwa nyingi hivi. Na mimba ni miezi saba. Tafuteni maji iliyosimama, hapahapa karibu." Baba alikwenda kukagua mapipa. Mimi nilikwenda kulifukua kopo langu chini ya mto, nikamfuata mezani kwake, nikaliweka mbele yake kwa mikono miwili. Nataka nieleweke: nililileta kwa fahari. Nilidhani akiona jinsi nilivyowafanya atapata moyo, na kwamba mama akiambiwa atapona.

"Usiogope, Baba," nilimwambia. "Nimekwisha kuwalipizia. Hawa hapa."

Akafungua kifuniko. Akabana lenzi jichoni, akaokota ganda moja kwa kibano chake kile alichoshikia nywele za saa, yaani springi zake nyembamba, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaliweka. Akaokota la pili, la tatu, la kumi. Baba alikuwa mtu wa kazi ndogondogo na hakuwa na haraka katika lolote, lakini sijawahi kumwona akitazama kitu kwa muda mrefu namna ile.

"Umewatoa wapi hawa?"

"Kwenye beseni la Yusufu. Mmea unawanyonya, unatema maganda."

Alinivuta karibu, akanibana lenzi ile jichoni kwa mkono wake mwenyewe, na harufu ya benzini ikanijaa. "Tazama mgongoni," alisema. Nikatazama. Mgongoni mwa ganda palikuwa na mpasuko ulionyooka, safi, kama mshono uliofumuliwa na fundi anayejua kazi yake. Akanipa jingine, nalo vilevile. Na jingine.

"Aliyeuawa hufunguka hivi?" aliniuliza. "Mwanangu, hawa siyo maiti. Hizi ni nguo. Wamezivua, wakaenda zao."

Mia mbili na arobaini. Nilizijua moja moja. Nilizihesabu kila usiku kabla ya kulala. Mmea ulikula ulichoweza, na ulikula sana, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikileta kwa kopo, kutoka bondeni, kichwani mwangu, kuliko matumbo elfu moja yalivyoweza kumeza. Waliobaki walikuwa wamelelewa kwa maji safi na jua, miguuni pa mama, wakavua nguo zao na kutandaza mabawa, na aliyekuwa wa kwanza kufikiwa alikuwa ameketi pale kwenye kigoda akitazama maua. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Mimi nilikuwa nimezikusanya nguo zenyewe na kuzilalia.

Baba alikwenda nyuma ya jiko akalipindua beseni. Maji yakakimbia, mmea ukabaki juu ya udongo umelala kama nywele zilizonyolewa. Ghadhabu ilinipanda upya, na kwa kuwa haikuwa na pa kwenda iliuendea ule mmea. Niliukanyaga, nikausaga kwa kisigino, nikauita mwongo, mla rushwa, msaliti, maneno yote niliyoyapata redioni. Baba alinishika mabega. Hakunipiga, na laiti angenipiga.

"Uache. Mmea haulipizi kisasi, Mariamu. Unakula tu, ukishiba unafunga mlango." Akaliokota kopo, akamwaga yaliyomo jikoni motoni. Yaliwaka bila hata kutoa mlio. Akarudishia skrubu zake humo. "Mama yako asijue. Hili tutalibeba mimi na wewe."

Alhamisi ilipita. Mama hakufa. Alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike mdogo hata walimlaza kwenye pamba ndani ya boksi la viatu, wakamwita Hawa. Alipofika umri wa kuitikia tuligundua kwamba sikio lake la kushoto halisikii kitu. Wapo waliosema ni homa ile, wapo waliosema ni ile kwinini chungu aliyonyweshwa mama, na wanawake wa mtaa walisema kazi ya Mungu haina makosa. Safari hii makosa nilijua ni ya nani, na nililala naye ndani ya ngozi moja kila siku. Baba alimpa Hawa saa aisikilize, akamwekea upande wa kushoto, mtoto akatulia tu. Akamhamishia kulia, akacheka. Baba alinitazama juu ya kichwa chake, akaendelea na kazi. Mwaka 1994 baba alitoka kwenda kumtafuta Simeoni, aliyekuwa hajarudi, na hakuna aliyerudi kati yao. Sitaandika zaidi ya hapo. Neno lile la redioni lilikuwa limekua, na waliolibeba hawakuwa watoto wa miaka kumi. Nilibaki na mzigo ule wa beseni peke yangu.

Siku hizi Nyamirambo ina taa kila kona, na watu wanasoma saa kwenye simu. Ukimwambia kijana kwamba palikuwa na mtu aliyeishi kwa kufungua saa anakuona unasimulia habari za Nuhu. Wapuliza dawa huja kupaka kuta zetu, vyandarua tunapewa, na kule bondeni mashimo mengi ya matofali yamejengewa. Watoto wangu hawajui kutetemeka kule. Bado napiga mbu kwa nguvu zisizolingana naye, mume wangu hucheka, nami sijali. Kopo la bati ninalo, na skrubu zake zimeshika kutu. Mama anaishi, mzee, na kila vuli hunikumbusha yale maua ya manjano niliyompandia Yusufu, na kila vuli namjibu kwamba nayakumbuka. Mdogo wangu Hawa ni fundi cherehani, ana duka lake na ulimi wake, na jioni akifunga hunipitia tukatembea pamoja hadi msikitini. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitembea upande wake wa kushoto. Humo katika sikio lile nimekwisha kumwambia yote: beseni, mashimo ya matofali, kopo, na kile alichosema baba. Nimemwambia mara nyingi kuliko nilivyosali. Niliona kwamba huko ni kusema kweli.

Juzi alisimama ghafla katikati ya njia, akanigeukia mzimamzima.

"Dada, kila siku unakimbilia huku, upande ya sikio ilikufa. Mimi naona midomo yako iko nacheza. Unamsema nani?"

"Adui," nikamjibu.

"Mana yanjye! Huyo mpaka leo hujamumaliza?" Akacheka, akanishika mkono, akaanza tena kutembea.

Nilimwachia mkono. Nikazunguka nyuma yake, nikahamia upande wa kulia.